Nilivyovuta Mzinga wa Bomba Tatu Mpaka kwa Mwali Wetu

Ndugu zangu wa Mkuyuni, na ninyi wa mjini Morogoro mnaonunua maharage yangu, mmeniuliza sana. Mmoja ananiuliza sokoni, mwingine ananiuliza nikitoka msikitini viatu mkononi, na kila nikifika katikati anatokea mtu wa tatu anasema, "Anza upya, Salehe, mimi sikusikia mwanzo." Nimechoka kuanza upya. Nimekaa barazani, nimechonga kalamu, naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitampa karatasi asome, na asiyejua kusoma atafute wa kumsomea, mradi aniache nile.

Jambo lenyewe wenyeji mnalijua, lakini nalitaja kwa ajili ya wageni. Dada yangu Mwanahawa ana binti mmoja, Sikudhani, naye alikuwa mwali ndani. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwali hatolewi na baba yake, anatolewa na mjomba. Mjomba anasimama mlangoni, anamwita kwa jina, anamfunika kanga mpya, ndipo anatoka kwenye jua. Bila mjomba hatoki, hata angekaa humo mpaka azeeke. Na mjomba wa Sikudhani nimebaki mimi peke yangu, kaka zangu wote wametangulia mbele ya haki.

Tena alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkuyuni. Mama wa kijana yule alisema mbele ya watu kwamba mvua za vuli zikianza na mwali hajatoka, yeye atajua tumemkataa mwanawe, na mwanawe ataoa kwingine. Mimi nilicheka. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanakauka shambani, vuli ilikuwa mbali sana.

Morogoro mpaka Dar es Salaam, pamoja na maharage

Nilipanda gari la moshi na magunia yangu, nia yangu niuze, ninunue kanga za mwali, nirudi. Safari haikuwa na ubaya, ila mama mmoja aliyepanda Ngerengere alikalia gunia langu njia nzima. Nikamwambia, "Mama, hayo ni maharage." Akanijibu, "Najua, yananichoma," wala hakuinuka.

Dar es Salaam sikuwa mgeni. Niliwahi kufika kabla ya vita, siku manowari ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipoingia bandarini, na mji mzima ukamwagika ufukweni kuitazama. Ilikuwa na mabomba matatu ya moshi. Ilikuwa na jina lake la Kidachi, lakini watu hawakuhangaika nalo, waliiita Manowari ya Bomba Tatu, na watoto wa mjini walijitapa utadhani wameinunua wao. Mimi nilitazama mizinga yake iliyopangwa ubavuni, nikasema moyoni kwamba vitu vile havinihusu hata kidogo. Niliporudi nyumbani safari ile ndipo Sikudhani akaingia ndani. Vita vilianza yeye tayari yuko ndani.

Sasa safari hii nikauza maharage, nikanunua kanga mbili nyekundu nzuri sana, nikazifunga kwenye kitambaa, nikaelekea stesheni. Njiani nikakutana na askari wanakusanya wanaume. Mmoja akanigusa bega, akaliona linafaa. Nikamwambia kwa heshima zote, "Bwana askari, mimi siwezi kwenda popote, nina mwali ndani."

Akasema, "Leo kila mtu ana mwali ndani."

Kumbe jamaa aliyeshikwa mbele yangu alikuwa amesema maneno hayohayo, na yule alikuwa mwongo, hana hata dada. Nilimchukia yule mtu mpaka Rufiji.

Dar es Salaam mpaka Rufiji, nyuma ya Mnyamwezi

Tulikwenda kusini kwa miguu, mchanga mtupu. Sisi watu wa milimani tumezoea kupanda na kushuka, mguu unapata kazi mbili, lakini mchanga wa pwani unakuvuta chini tu. Nilikuwa nalalamika kwa sauti, ndipo mtu mmoja mrefu mbele yangu akageuka.

"Wewe Mluguru?"

"Mluguru."

"Nilijua. Umezoea kutembea umeshika mti. Nasikia kwenu mnafunga maboga kamba yasiporomoke mpaka kwa jirani."

"Na wewe Mnyamwezi, ukiona jiwe njiani unalijitwika kichwani kwanza, ndipo unauliza linakwenda wapi."

Akacheka mpaka akasimama. Mnaelewa, Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za misafara ya pembe. Akinitukana ni heshima, nikimtukana ni heshima, na akichukua kitu changu sina ruhusa ya kukasirika, ila nakikomboa kwa kitu kidogo yakaisha. Jina lake Mihambo. Nikamwambia habari ya mwali na vuli, maana ilikuwa imenijaa kifuani, nisingeweza kuibeba peke yangu. Akasikiliza yote, halafu akasema, "Usijali. Ukichelewa nitamwoa mimi." Nikasikia nafuu. Mtani ndiye mtu wa kumwambia jambo zito, hatakuonea huruma.

Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya ile manowari. Alisema, "Hiyo Bomba Tatu nimeibeba mgongoni." Nikamwambia asinifanye mtoto. Akaapa. Kumbe ni kweli. Vita vilipoanza manowari ilitoka baharini kuwinda meli za Waingereza. Ikaenda Unguja, ikaikuta manowari yao imesimama inatengenezwa mashine, ikaizamisha asubuhi ileile. Halafu, tazameni mambo ya dunia, mashine yake yenyewe ikaharibika. Ikakimbilia kujificha Rufiji, kwenye mikoko. Vyuma vya mashine vikafunguliwa, vikavutwa nchi kavu na wapagazi mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa tena. Mihambo alikuwa kwenye msafara ule, kwenda na kurudi.

"Basi ikapona?" nikamuuliza.

"Ikapona. Lakini tulipofika Waingereza wamekwisha kuziba mlango wa mto. Mgonjwa kapona, mlango umefungwa." Alisema hivyo kwa uchungu kabisa, kwa sababu mabega yalikuwa yake. Mwishowe zikaja ndege kuitafuta ilipo, meli zikaipiga kutoka mtoni, nao Wadachi wenyewe wakailipua isichukuliwe. Sasa sisi tulikuwa tunakwenda kutoa mizinga kwenye maji.

Chakula cha njia ile sikukipenda. Kila kitu kilitiwa nazi, hata uji. Mihambo alikula wake na wangu.

Kwenye matope

Tulipofika nikaiona. Ndugu zangu, kile chombo nilichokiona kimejipamba Dar es Salaam, kilikuwa kimelala ubavu ndani ya matope, kaa wanatembea juu yake. Sikufurahi. Sina undugu na manowari, lakini nilihuzunika.

Mkubwa wetu pale alikuwa baharia wa Kidachi aliyekuwa fundi wa mashine kwenye manowari ileile. Alikuwa mnene, mwekundu, ana filimbi ya chuma shingoni. Kiswahili chake chote kilianza na neno moja, "polepole." Akitaka tukimbie anasema polepole, akitaka tusimame anasema polepole. Tukamwita Bwana Polepole, naye akaitika. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kulipapasa lile chuma la manowari kwa kiganja, halafu anakuja kwetu uso umekunjamana, anapiga filimbi. Mihambo alisema, "Huyu nyumba yake imezama, tusimkere asubuhi." Kwa hiyo tulimkera mchana.

Siku ya kwanza alitupikia mwenyewe supu ya njegere, akatugawia kwa mkono wake. Nikaona kipande kinaelea, nikauliza ni nyama gani. Akaeleza kwa kukoroma kama nguruwe. Nikarudisha bakuli. Yeye akadhani nimesema haina chumvi, akaongeza chumvi, akanirudishia. Nikarudisha tena. Akaongeza pilipili. Tulikwenda hivyo mpaka supu ikawa haiwezi kunywewa na kiumbe chochote, isipokuwa Mihambo, aliyeinywa na kuomba nyingine.

Kuutoa mzinga kwenye maji ilikuwa kazi ya matope mpaka kiunoni, mbu juu, kaa chini. Tukautoa. Tukaulaza juu ya kigari cha magogo, tukafunga kamba ndefu, kila mtu na mahali pake pa kushika. Nikauliza unakwenda wapi. Wakasema Dar es Salaam. Nikasema alhamdulillahi, angalau tunageukia upande wa nyumbani.

Rufiji mpaka Dar es Salaam, filimbi na wimbo

Hapa ndipo tulipochelewa, na sababu ilikuwa moja. Mabaharia huvuta kwa filimbi. Filimbi ikilia mara moja wanavuta, ikilia tena wanaacha palepale. Wanyamwezi huvuta kwa wimbo, na wimbo hauachwi katikati. Kuacha wimbo nusu ni kualika balaa mguuni. Mihambo ndiye aliyekuwa mwimbishaji.

"Nani huyu mzito?"

"Mkwe!"

"Tumtupe njiani?"

"Mkwe hatupwi!"

Hapo kwenye "hatupwi" ndipo mguu unasimama, si kabla. Bwana Polepole anaona kona, anapiga filimbi tuache. Sisi tuko kwenye "tumtupe njiani." Hakuna anayeacha. Mzinga ukaiacha njia, ukaingia shamba la mihogo la bibi mmoja wa Kizaramo, ukasimama katikati kabisa.

Bibi akatoka na jembe. "Shikamoo bibi," tukasema wote kwa pamoja.

"Marahaba. Hili dude la nani?"

Watu wote wakamwonyesha Bwana Polepole, hata askari. Bibi akamzunguka, akamtazama tumbo, akasema, "Mihogo iliyobaki nayo ng'oeni, maana mmeshalima. Nanyi mtakula hapa, kisha mtapanda upya ndipo mwondoke." Bwana Polepole akauliza anasema nini. Nikamwambia anasema polepole. Tukang'oa, tukachoma, tukala mihogo ya moto na chumvi, tukapanda vijiti vipya kwa mistari. Ulikuwa mlo mzuri kuliko yote ya safari ile. Tangu siku hiyo Bwana Polepole aliacha kupiga filimbi katikati ya wimbo. Alingoja "hatupwi," halafu anapiga haraka, kana kwamba ndiye aliyetusimamisha.

Siku nyingine tukiwa tumepumzika, Mihambo akachukua kifurushi changu cha kanga, akajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akaanza kutembea kama bibi harusi. Watu wanacheka, mimi nacheka. Bwana Polepole akaona, akaita askari mwenye kiboko. Mihambo akashikwa, akalazwa chini. Nikakimbia.

"Bwana, huyu hakuiba."

"Kanga za nani?"

"Zangu."

"Wewe ulimpa?"

"Sikumpa."

"Basi ameiba."

"Hapana Bwana. Amechukua. Ni mtani wangu. Mimi nikikasirika ndiyo aibu."

Bwana Polepole alinitazama kwa muda mrefu sana. Nikampa Mihambo kipande cha tumbaku mbele yake, Mihambo akavua kanga, akanirudishia, akanishukuru kwa kuniita nyani wa milimani. Kiboko kikarudishwa. Jioni yake Bwana Polepole akaja tulipokaa, akauliza mtu anapataje mtani.

Mihambo akamjibu, "Ni watu mliopigana nao zamani, mkachoka."

"Kwa hiyo Waingereza ni watani wetu?"

"Bado, Bwana. Hamjachoka."

Akavuta kiko chake mpaka tumbaku ikaisha.

Dar es Salaam mpaka Morogoro, juu ya gari la moshi

Karakana waliutengenezea mzinga magurudumu ya kweli, na hilo likachukua muda mrefu ambao sitaki kuukumbuka. Kila asubuhi nilitoka nje kutazama mawingu. Wenzangu walitazama bahari kama Waingereza wanakuja, mimi natazama juu. Nililala vibaya. Nilimwona Sikudhani amekaa gizani anasikia miguu ya watu nje, akidhani kila mguu ni wangu. Nasema kweli, nililia siku moja, nikasema ni moshi wa karakana.

Halafu zikaja habari njema kupita zote. Mizinga inagawanywa, huu wetu unapandishwa gari la moshi kwenda Morogoro. Nilimkumbatia Mihambo. Yeye akasema, "Nilikwambia huyu mkwe hatupwi."

Gari lilikwenda taratibu kwa kuchoma kuni, likawa linasimama porini tukate magogo. Lakini lilikwenda. Asubuhi moja nikafungua macho, nikaiona milima yetu, mawingu yamekaa kwenye vichwa vyake. Nikafurahi na nikaogopa kwa pamoja, maana mawingu yale nayajua. Yale ni ya vuli.

Morogoro nikamwomba Bwana Polepole ruhusa. Nikamwonyesha mlima kwa kidole. Akatikisa kichwa. Alisema nikitoka mimi watatoka wote, na mzinga una safari bado, kuuzunguka mlima mpaka upande wa pili, Kisaki. Nikauliza tunapita njia ipi. Akasema Mkuyuni, kisha Matombo.

Nikakaa chini. Njia ya Mkuyuni kwenda Matombo inapita njia panda iliyo chini ya nyumba ya dada yangu. Unaweza kurusha kokoto.

Sokoni Morogoro nikawakuta akina mama wa kwetu wameleta mboga, wanarudi siku ileile. Nikawaambia, "Mwambieni Mwanahawa kaka yake yuko njiani, anakuja na mzinga wa Wadachi." Maneno niliyosema ni hayo tu, hakuna zaidi.

Morogoro mpaka njia panda yetu

Sisi tulivuta, habari ikatembea mbele yetu. Kutoka kwa wauza mboga mpaka kwa wauza ndizi, kila aliyeipokea aliiongezea kidogo. Nilipofika Mkuyuni mzee mmoja akanipa shikamoo. Mzee, mimi! Nikauliza kuna nini. Akasema wamesikia Salehe amekuwa mkubwa wa Wadachi, tena Wadachi wamempa mzinga aje kuupiga siku ya mwali, kwa heshima.

"Mzee wangu, mimi ni mvuta kamba."

"Tunajua," akasema, "wakubwa huficha." Akatuletea magimbi na maharage, ya kwetu, yasiyo na nazi. Nikala kama niliyeshuka mbinguni kwa kosa nikarudishwa.

Kutoka Mkuyuni njia inapanda. Tulivuta, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukavuta tena. Mihambo akawa haoni tena mzaha wa maboga, akasema sasa anaelewa kwa nini yanafungwa kamba. Upepo wa mvua ulikuwa usoni kwetu. Nilivuta nikimwomba Mungu anizuilie mvua hata mpaka adhuhuri.

Tukafika njia panda, na njia imejaa watu. Ngoma zimewambwa, akina mama wamevaa, mikeka imetandikwa barabarani, na mbele kabisa amesimama dada yangu Mwanahawa, mikono kiunoni. Mzinga hauwezi kupita kwa sababu ya ngoma. Ngoma nayo haiwezi kuondoka kwa sababu ni hapo ndipo kila mwali wetu anapochezewa. Pembeni, chini ya mwavuli wa majani ya mgomba, amekaa mama wa kijana, anatazama mbingu.

"Shikamoo mama," nikamwambia nikiwa na kamba begani.

"Marahaba, mwanangu. Kidogo tu ungechelewa," akasema, wala hakushusha macho.

Nikamgeukia Bwana Polepole. Nikamwomba aniache nipande pale juu, nimtoe mtoto, nirudi kwenye kamba. Akasema hapana. Alikuwa amechoka, ameloa jasho, anaogopa mvua kwa sababu yake mwenyewe, kwamba magurudumu yatazama. Akaweka filimbi mdomoni kuamuru watu wafukuzwe njiani, na askari akakunjua kiboko. Dada yangu hakusogea. Alisema, "Asiponipa kaka yangu, anipitishie hilo gurudumu mgongoni."

Ndipo Mihambo akaacha kamba, akamwendea Bwana Polepole, akamvua filimbi shingoni kwa mikono miwili, akajivika mwenyewe.

Ndugu zangu, nilikufa. Watu wote walikufa. Kumpokonya Mdachi kitu mbele ya askari, vitani, huo si mchezo. Askari akainua kiboko. Mihambo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana, umekula mihogo na sisi, umevuta na sisi, umechoka na sisi. Wewe ni mtani wangu sasa. Filimbi hii utaikomboa. Nipe Mluguru mpaka mwali atoke, na kamba yake nitaishika mimi juu ya yangu."

Bwana Polepole akawa mwekundu, halafu mweupe. Akamtazama Mihambo, akanitazama mimi, akawatazama akina mama na dada yangu aliyesimama mbele ya gurudumu. Mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa. Mwishowe akamshusha askari mkono. Akamwambia Mihambo neno kwa Kidachi, refu, na mpaka leo sijui maana yake, lakini halikuwa zuri, na Mihambo alilipokea kwa furaha kwa sababu ndivyo mtani anavyopaswa kujibiwa. Kisha akanielekeza mlimani kwa kidole.

Nilipanda ile njia sikumbuki nilivyopanda. (Baada ya hapo nilirudi kwenye kamba, kama nilivyoahidi, nikavuta mpaka Kisaki, ndipo nikaachwa nirudi. Safari hiyo sitaieleza, haikuwa na chakula.) Nilipofika mlangoni kungwi alikuwa amekaa kizingitini. Akaniuliza, "Nani?" kama inavyotakiwa, ingawa ananijua tangu nanyonya. Nikasema, "Mjomba." Akasogea.

Nikamwita Sikudhani kwa jina lake. Nikamwita mara ya pili. Nikasikia mkeka unaondolewa, akatoka, ameinamisha kichwa, macho chini, amekuwa mkubwa, mweupe kwa kukosa jua, sikumjua kwa haraka. Nikamfunika kanga nyekundu, zote mbili. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka bonde la pili likaitika. Tukashuka naye.

Pale njia panda Mihambo alikuwa ameshamrudishia Bwana Polepole filimbi yake. Bwana Polepole alipomwona mwali anashuka akavaa kofia yake vizuri, akasimama wima kando ya mzinga, akapiga filimbi. Haikuwa ile ya kuvuta wala ya kuacha. Ilikuwa ndefu, inapanda, inakaa juu, inashuka taratibu, na hatujaisikia tena. Baadaye alinieleza kwamba hivyo ndivyo mabaharia wanavyompokea mtu mkubwa anapopanda manowari. Akina mama walidhani ndiyo mzinga wenyewe, wakaridhika.

Ngoma ilikuwa haijapigwa hata pigo la kwanza, na kabla ya ngoma mwali hahesabiwi ametoka, tone la mvua likaanguka. Lilimwangukia mama wa kijana kwenye paji la uso, watu wote tuliliona. Yeye akalifuta kwa ncha ya kanga.

"Jasho," akasema, akasimama kwenda kumtunza mwali.

Basi watu wakaanza kumtunza, huyu shanga, yule kuku, Mihambo akampa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotoka nayo kwao, akasema ni mahari. Sikudhani hakusema neno, kwa sababu mwali hasemi siku hiyo, wala hainui macho. Nilikuwa nimemshika mkono, natembea naye polepole kwenye mkeka, mvua sasa inanyesha bila kujificha. Nikasikia sauti ndogo sana chini ya kanga.

"Mjomba, mikono yako imefanya nini?"

Nikaitazama. Kwa kuwa macho yake yalikuwa chini, hakuwa ameona mzinga, wala Mdachi, wala askari, alikuwa ameona viganja vyangu tu, vilivyoliwa na kamba mpaka nyama. Alikuwa hajui kwamba kuna vita.

"Nilikuwa navuta njia ya kuja kukutoa," nikamwambia.

Akafumba vidole vyake juu ya kiganja changu, taratibu, asiniumize. Kungwi alikuwa nyuma yetu, alisikia kila kitu, akageuka upande wa pili akawaambia wapiga ngoma wapige kwa nguvu.